Gramu Mia Sita

Kibiti, Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Honorata,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta u mzima wa mwili na mtulivu wa roho, huko ng'ambo ambako jeshi limekutuma kulinda amani ya watu wengine. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Naomba radhi kuyataja mapema hivi. Mvua zimeanza kwa fujo. Barabara ya Chumbi imekatika mara mbili, na mpunga wa watu umelala majini. Paa la kanisa linavuja juu ya kiti changu hasa, nami nimeona ni adabu kutohama.

Unisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu. Masikio yangu sasa husikia mlio tu, hayasikii maneno, na sitaki mtu mwingine anisikilizie sauti yako kisha anitafsirie.

Nalikwenda posta kuuliza gharama ya kukutumia mzigo. Binti wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba kilo tano kwa ndege zitameza karibu nusu ya pensheni yangu ya mwezi. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua. Ndipo jirani yetu Mwamvua, mama yake Saadi mliye naye kikosi kimoja, akanifahamisha kwamba kambi ya Dar es Salaam ina dawati la vifurushi vya familia. Kila askari huruhusiwa kifurushi kimoja kwa mwezi, kisichozidi kilo tano, kishonwe kwa marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, orodha ya vilivyomo ibandikwe juu, na kisiwe na kimiminika chochote. Kutoka kambini kinapanda ndege ya mahitaji yenu bila malipo. Sisi hulipia basi tu, kutoka hapa stendi hadi Dar. Mshamu, karani wa mizigo, ndiye anayevipokea, naye atanirudishia stakabadhi ya kambini.

Nimekuwekea karanga za kukaanga, korosho, kamba wakavu kutoka Nyamisati, jozi mbili za soksi za sufu, sabuni, na kitabu cha sala cha marehemu bibi yako ambaye umerithi jina lake. Nimeupima mfuko kwa ile mizani ya kuning'iniza niliyozawadiwa nilipostaafu zahanati, ile tuliyokuwa tukipimia watoto. Kilo nne na gramu mia tatu. Sikutaka kuukaribia mpaka.

Mwamvua ndiye anayeshona, kwa kuwa mikono yangu inatetemeka. Unajua hali yake. Sisi Wanyamwezi tu watani wa watu wa pwani tangu zamani za misafara, naye hajaacha siku moja ipite bila kuniita mbeba mizigo mbele za watu. Jana aliniambia, “Leta mzigo, Mnyamwezi, hiyo ndiyo kazi uliyoumbiwa.” Nilikohoa, nikampa.

Naomba uniandikie ni vitu gani vimekufikia.

Wako katika Kristo,
Babu yako, Fabiani Lusangija

*

2 Aprili 2025

Mume wangu mzee,

Milele amina! Shikamoo. Usikasirike nikikuita mume. Bibi ameniachia jina, na wewe umo kwenye urithi. Magoti nayapa pole, na mwambie Paroko mke wako mdogo anasema utalowa mpaka uote uyoga.

Mimi mzima. Huku ni baridi, babu, baridi ya kuuma meno. Vilima vinaonekana vyeupe asubuhi. Soksi zimekuja kwa wakati wake. Kila kitu kimefika: karanga, korosho, kamba, sabuni, kitabu. Kamba nimewagawia wenzangu, na yule Mchaga wa jikoni kasema wananuka, kisha akala kuliko wote. Saadi anakusalimia sana. Anasema mama yake hukutania kwa sababu anakupenda, na asiyetaniwa ni maiti.

Kwa sasa nimepewa kazi za ofisini kwa muda, si doria. Naandika mafaili tu, nanenepa.

Mizani ya watoto waachie watoto. Usijisumbue kupima, babu. Ukiona mfuko umejaa, umejaa.

Mkeo mdogo,
Honorata

*

Kibiti, Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa Honorata,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeipokea barua yako na kuisoma mara nne. Huku maji yameanza kupungua. Mbuzi wa Mwamvua amekula mahindi yangu ya uani. Nilipolalamika alinijibu kwamba mbuzi wake anajua mali ya mtani haina mlango. Nilimwomba radhi mbuzi.

Sasa naomba unisamehe kwa yale yanayofuata. Sipendi kuwa mzee wa kushuku watu.

Mshamu amenirudishia stakabadhi za kambini za vifurushi viwili, kile cha Machi na kile cha Aprili. Cha Machi kilitoka nyumbani kwangu kikiwa kilo nne na gramu mia tatu. Dawati la Dar limeandika kilo nne na gramu mia tisa. Cha Aprili nilikipima mara tatu: kilo nne kamili. Dawati limeandika kilo nne na gramu mia sita. Mizani inaweza kukosea mara moja. Kukosea mara mbili kwa kiasi kilekile ni tabia, na mizani haina tabia.

Kama vitu vingepungua ningesema ni wizi, nami ningemsamehe mwizi, kwa maana ni karanga tu. Lakini mzigo unaoongezeka njiani unanitia hofu. Mshamu ameniambia kwamba mwaka jana, katika basi la njia nyingine, mtu alikutwa na bangi ndani ya mfuko wa unga ulioandikwa jina la mwalimu mmoja asiyejua lolote. Mwalimu alilala mahabusu siku tisa. Jina lililo juu ya mfuko wangu ni lako, Honorata, na juu ya jina hilo kuna cheo cha koplo.

Kati ya mlango wangu na basi, mfuko hukaa usiku mmoja tu mahali pamoja tu. Sitaandika ni wapi.

Liko pia jambo la pili. Juzi Mwamvua alinisimamisha njiani akasema, “Mungu mkubwa, amemnusuru Honorata wetu.” Nikamwuliza, amemnusuru na nini? Akatazama bodaboda zinazopita, akasema, “Na baridi.” Mtu hanusuriwi na baridi kwa sauti ile. Je, kuna neno ambalo wengine wanalijua nami silijui? Na kwa nini uko ofisini? Ulilia miaka miwili ukitaka doria.

Niwie radhi kwa maswali mengi.

Babu yako,
Fabiani Lusangija

*

20 Mei 2025

Mume wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Baridi imepungua, miti imetoa maua meupe kama ya mkahawa.

Ofisini ni zamu tu. Kila mtu hupelekwa.

Kuhusu uzito, mizani hukosea, ya kwako na ya kwao. Tafadhali usimwulize Mama Saadi kitu. Naomba sana. Na usimwandikie mtu yeyote kuhusu jambo hilo. Kila nilichotakiwa kupata nimekipata, na hakuna kibaya kilichonifikia. Niamini tu hivyo, babu, nitakueleza nikirudi.

Kama inakuchosha, usitume tena. Mimi sitakufa njaa.

Honorata

*

Kibiti, Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa Honorata,

Tumsifu Yesu Kristo. Afya yangu ni ya wastani. Mwezi wa tano sikutuma kitu. Nilikuwa nikingoja barua yako, nayo ilikuja fupi. Uliandika “kila nilichotakiwa kupata.” Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Hukuandika “kila ulichonitumia.”

Padre aliyetufundisha unesi alikuwa akisema kwamba mgonjwa anayekukataza kugusa mahali fulani ndiye aliyekuonyesha mahali pa kugusa. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo si la kiungwana, nami nakiri.

Siku ya Jumamosi nilifunga kifurushi cha tatu, nikakipima: kilo nne na gramu mia moja. Nikampa Mwamvua akashone. Jumapili, baada ya misa, nilikwenda stendi, kifurushi kikiwa kimeshafika kutoka kwa Mwamvua, nikamwomba Mshamu aniruhusu kukining'iniza tena, nikiwa nimeficha mizani ndani ya koti. Kilo nne na gramu mia saba. Nilipapasa kitambaa. Upande wa chini palikuwa na kitu kigumu cha mviringo, na mshono wa pale ulikuwa wa uzi mwingine.

Mshamu akaniuliza, “Tukifungue, mzee?”

Nikasema, “Hapana. Sitaki alama za vidole vyangu ndani yake.” Akanitazama kana kwamba hanijui, akakipakia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwamvua. Alikuwa barazani akishona, na binti yake Nasma akipepeta mchele. Nilisema kwa adabu yote, “Mama Saadi, mfuko wa mjukuu wangu umeongezeka uzito. Una habari?”

Akaitupa sindano mkekani, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. “Heee! Mbeba mizigo wewe! Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani hakuuliza uzito, wewe leo unauliza gramu?”

“Naomba jibu, tafadhali.”

“Jibu? Haya, andika. Nimekutilia bangi. Ya kutosha kikosi kizima! Na bunduki ndogo chini yake, ya kumpiga Mnyamwezi atakayeuliza tena.”

Nasma alicheka hadi ungo ukamponyoka.

“Mimi sicheki, Mama Saadi.”

“Basi kalie kwako, mtani. Hapa kwangu hakuna msiba.”

Honorata, nilikwenda nyumbani nikaketi mezani. Nikafikiri: mfuko una jina lako, ukikamatwa, wa kufungwa ni wewe. Anayetoa taarifa mapema huwalinda wasio na hatia. Hivyo nimemwandikia afisa wa dawati la vifurushi. Nimeeleza vipimo vya vifurushi vyote vitatu, mshono, na yale aliyoyasema mama huyo, neno kwa neno kama yalivyotoka kinywani mwake. Barua niliituma juzi kwa basi la alfajiri, ili iwahi kabla ya ndege.

Uliniomba nisimwandikie mtu. Niwie radhi. Naamini utanishukuru.

Babu yako,
Fabiani Lusangija

*

2 Julai 2025

Babu,

Shikamoo.

Kifurushi kilifunguliwa Dar mbele ya polisi wa jeshi. Picha zikatumwa huku. Saa hiyohiyo nilitolewa ofisini, Saadi akatolewa zamu, vitanda vyetu vikapekuliwa mpaka godoro likachanwa. Tumehojiwa siku nne, kila mtu chumba chake. Barua yako ilisomwa mbele yangu kwa sauti. “Nimekutilia bangi ya kutosha kikosi kizima.” Meja Abdulazizi aliisoma bila kucheka, kwa sababu wewe uliiandika bila kucheka.

Nitakwambia kilichokuwemo. Chupa ya nusu lita ya maji ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa. Kipande cha mvuje, ule utomvu mkavu wa dawa unaonuka, ndani ya kitambaa. Hirizi moja. Hizo ndizo gramu mia sita zako. Wameyapima maji hospitalini, ni maji.

Ulitaka kujua nimenusuriwa na nini. Tarehe kumi na saba Februari gari letu la doria liliteleza kwenye barafu likabiringika mara tatu bondeni. Dereva wetu, Shaban, alikatwa mguu. Mimi nilitoka bila hata mchubuko, nikakaa naye kwenye theluji saa mbili nimeshika ule mguu. Baada ya hapo sikulala. Si kwamba nililala vibaya, babu, sikulala. Wiki tano. Daktari alinipa vidonge, vikanifanya nitembee kama mlevi, ndiyo maana wakanipeleka ofisini. Saadi ndiye aliyempigia mama yake. Mama akasema dawa ya mgonjwa huingia katika mzigo wa mgonjwa, si wa mtu mwingine. Kwa hiyo ikaja kwenye wangu. Usiniulize kama naamini. Nilikunywa, nikalala.

Kwa nini sikukwambia? Nimekua mlangoni pa zahanati yako. Nimekuona ukikata hirizi shingoni mwa watoto kwa mkasi, kabla ya kuwaweka kwenye mizani, ukisema uongo nao una uzito. Nilijua ukisikia utanitumia mkasi huohuo mpaka huku. Wewe ndiye niliyekuogopa. Mama Mwamvua sikumwogopa.

Sasa sikiliza. Saadi amesema yeye ndiye aliyeagiza, ili mimi nitoke. Tarehe nne Agosti anasimama mbele ya baraza la nidhamu. Kimiminika kisichoorodheshwa ni kosa dogo, onyo tu. Lakini kuna maneno ya mama yake mzazi kwamba alitia bangi, vipimo vyako vinasema mara tatu, na vifurushi viwili vya kwanza havipo tena vya kupimwa. Kwa hilo anafukuzwa jeshi.

Meja ni mtu wa Kilwa. Anajua utani kuliko sisi sote. Ungeandika neno moja tu, kwamba mama huyo ni mtani wako, angeitupa barua ile kwenye kapu. Umeandika vipimo vitatu na uzi wa mshono, ukaliacha hilo. Hukulisahau, babu. Hujawahi kusahau jambo.

Andika upya. Mama Mwamvua atie sahihi, na shahidi. Ifike kabla ya tarehe nne.

Honorata

*

Kibiti, Jumapili, 20 Julai 2025

Mpendwa Honorata,

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Sitaandika habari za hapa.

Nilikwenda kwa Mwamvua asubuhi ileile. Alikuwa amekwisha kujua. Saadi alikuwa amempigia simu, na yeye hakuwa amekuja mlangoni kwangu kunitukana. Nilipobisha hodi alinyanyuka mkekani, akajifunga kanga vizuri, akainamisha kichwa, akasema, “Shikamoo, Mzee Fabiani.”

Miaka thelathini na minane tumeishi ukuta kwa ukuta na hajawahi kuniamkia.

Nasma aliniletea kiti. Nikamwambia Mwamvua nimekosa. Nilianza kupanga maneno kama nilivyozoea, kwamba naomba radhi ikiwa kwa namna yoyote nimesababisha usumbufu, naye akaninyamazisha kwa kiganja.

“Mzee, mwanangu anafukuzwa kazi lini?”

“Tarehe nne.”

“Basi andika kwanza. Radhi utaomba ukimaliza.”

Nikatoa karatasi. Mshamu nilikuwa nimemwita awe shahidi. Niliandika kwamba mimi ni Mnyamwezi, mama huyu ni Mndengereko, na watu wetu ni watani. Kwamba maneno ya bangi na bunduki aliyasema kwa mzaha, mbele ya binti yake, huku akicheka. Kwamba kilichokuwemo ni dawa ya usingizi ya dini yake, aliyoiweka kwa huruma ya mzazi. Niliisoma kwa sauti. Mwamvua alisikiliza hadi mwisho.

“Umeandika kwamba nilikuwa natania?”

“Nimeandika.”

“Umeandika kwamba wewe ulijua?”

Kalamu ilinisimama.

Akasema, bila kupandisha sauti, “Ulimkata mwanangu hirizi, akiwa na miezi saba, mbele ya wanawake wote wa Kibiti. Nilinyamaza, kwa sababu mkono uleule ulimpiga sindano akapona. Safari hii hukumpiga sindano. Andika kwamba ulijua.”

Nikaandika: “Wakati mama huyu akisema maneno hayo nilijua kwa hakika kwamba ni utani, na nilipokuandikia nililiacha jambo hilo kwa makusudi.” Nikatia sahihi. Yeye akatia sahihi yake, Mshamu akatia yake. Kisha nikamwomba radhi, kwa maneno mawili tu. Akajibu, “Nimesikia, mzee wangu. Karibu tena.” Akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni.

Barua hiyo nimeipeleka mwenyewe kambini Dar, sikuiamini safari ya mkono wa mtu. Afisa wa dawati ameipokea na kunigongea mhuri.

Barua yako inauliza, ingawa hukuandika swali, kwa nini niliacha neno la utani. Nimejiuliza pia, na si jambo la kupendeza. Niliogopa bangi; hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Siku ile Mwamvua aliposema Mungu amekunusuru, niliona usoni mwake kwamba anajua habari zako. Mimi ninayekuandikia kurasa tatu nilikuwa napewa vilima vyeupe na Mchaga wa jikoni. Yeye asiye ndugu yako, kwa simu ya mwanawe, alikuwa anajua kama umelala au hukulala. Tangu hapo nilimtaka awe mkosaji. Nilipopata gramu mia sita, nilifurahi. Nimelisema sasa, na sijui nilifunge kwa adabu gani.

Lala, mjukuu wangu. Kwa kombe au kwa vidonge.

Babu yako,
Fabiani

*

12 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Baraza limekaa. Barua yako ilisomwa. Meja alipofika kwenye “kwa makusudi” aliisoma tena kimya, kisha akauliza kama mzee huyu ni mgonjwa. Nikasema hapana, ni mkweli, amechelewa tu. Akamwambia Saadi, “Mama yako anatania na watu wasiochekeka.”

Hafukuzwi. Amepewa onyo la maandishi kwa ile chupa. Cheo alichokuwa apate Desemba hatapata, na mwaka wa pili huku, ambao alikwisha kuuombea ili amalize nyumba ya mama yake, hatapewa. Anarudi na kundi la Septemba. Nimetaka kumwomba radhi kwa niaba yako, akanikataza.

Vifurushi vya kutoka Kibiti, vilivyosimamishwa tangu Juni, vimeruhusiwa tena, ila vyote vitafunguliwa. Mimi nabaki mpaka Machi. Nalala saa tano, sita. Si haba.

Barua yako ya Julai nimeisoma peke yangu. Siwezi kukujibu yote sasa. Soksi moja imetoboka. Ukipata nafasi, tuma nyingine.

Honorata

*

Kibiti, Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa Honorata,

Tumsifu Yesu Kristo. Soksi ziko njiani, jozi tatu. Nimeshona mfuko mwenyewe. Mishono si mizuri, Mshamu ameirudia ya chini. Orodha iliyobandikwa juu ina mstari wa mwisho usio wa kwangu. Nilimwendea Mwamvua nikamwuliza kama ana kitu cha kukutumia. Akaleta kitambaa kidogo kilichoshonwa. Nimekipima, nikaandika: “Hirizi, moja, gramu arobaini, kutoka kwa Mwamvua wa Kibiti.” Hakuna chupa safari hii, amesema kama unalala saa sita hiyo yatosha.

Saadi alifika Jumanne. Amekonda. Alinijia nyumbani kabla ya kuvua buti, akanipa mikono miwili, nami nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alisema tu, “Babu, Honorata mzima. Nimemwacha mzima.” Akanieleza kila kitu polepole, karibu na sikio langu, mpaka nikasikia: bonde, theluji, mguu wa Shaban, namna ulivyokataa kupanda gari la wagonjwa kabla yake. Hakuficha. Nilimshukuru.

Jana mama yake alifanya karamu ya kumpokea. Nilialikwa kwa heshima, Nasma akaja kunichukua kwa bodaboda ingawa ni ukuta kwa ukuta. Watani wengine walikuwa wamekwisha kuvamia: yule mzee Msukuma wa mashine ya kukoboa alikuwa ameshika sufuria ya pilau akisema hatoki nayo mpaka alipwe, wanawake wa Mwamvua wanamvuta shati, wanamwita fisi, naye anawaita watoto wa kambale. Mwamvua mwenyewe alimmwagia maji ya kunawa kichwani. Watu walicheka hata wapita njia wakasimama.

Mimi niliwekewa kiti chenye mto, kivulini, mbali kidogo na mkeka. Mwamvua aliniletea sahani yangu peke yake, imefunikwa kwa kawa mpya, na kijiko. Alipiga goti kuniwekea. Akasema, “Karibu chakula, Mzee Fabiani. Utuwie radhi kwa kelele.”

Pilau ilikuwa nzuri sana. Nilikula taratibu, nikashukuru, nikaaga. Walinyamaza wote kwa adabu mpaka nilipofika barabarani.

Babu yako,
Fabiani Lusangija